Nani Hulipia Ulinzi wa Mto? Kisa cha Maafisa wa Kaunti Katika Bonde la Kahawa

## Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika kaunti moja ya nyanda za juu za Kenya zinazolima kahawa. Majina ya kaunti, ya mto, ya mji na ya kila mhusika yameondolewa, na baadhi ya vipimo na hesabu ndogondogo zimegeuzwa kidogo ili eneo lisitambulike. Mfuatano wa matukio, sababu zilizotolewa kwa kila uamuzi, na aina za gharama zilizojitokeza vimeachwa kama vilivyokuwa.

Nilikuwa mjumbe wa kamati ndogo iliyoombwa, baada ya misimu miwili ya kahawa, kueleza kwa nini kazi ambayo viongozi waliambiwa haina gharama ya ziada ilikuwa imemaliza mafuta ya gari la idara kabla ya nusu ya mwaka wa fedha. Tulisoma vitabu vya safari za gari, hati za masurufu, shajara za kazi za maafisa na majalada ya kesi. Kisha tukawasikiliza watu ambao majina yao hayamo katika karatasi yoyote kati ya hizo, na kwao ndiko tulikopata sehemu kubwa ya jibu.

## Usuli

Mto wenyewe ni mdogo. Unaanzia pembezoni mwa msitu, unapita kwenye majani chai, unashuka kwenye kahawa, unaukata mji mdogo wa soko, kisha unaingia kaunti jirani iliyo kavu zaidi. Katika kilomita 11 zilizohusika kulikuwa na kiwanda kimoja cha kumenya kahawa kinachomilikiwa na chama cha ushirika, mahali pa kuoshea magari chini ya daraja, machinjio ya kaunti, na vishamba vya sukuma wiki, nduma na nyanya vilivyobanana pande zote mbili za mto mpaka penye maji. Chini kabisa, karibu na mpaka, mradi wa maji wa jamii ulikuwa umeweka chanzo chake, na mabomba yake yalihudumia watu wa kaunti zote mbili.

Mgogoro ulianzia kwenye maji ya kahawa. Katika nyanda hizo mavuno makubwa huja kati ya Oktoba na Desemba, na matunda mabivu hupaswa kumenywa siku ileile yanapochumwa, kwa maji mengi. Maji yanayotoka humo hubeba sukari na ute wa tunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu vinavyoozesha sukari hiyo hutumia oksijeni yote iliyo ndani ya maji, samaki na wadudu wa majini hufa, na mto huanza kunuka kama pombe iliyochacha. Novemba moja mradi wa jamii ulilazimika kufunga chanzo chake kwa wiki tatu, watu wakarudi kuchota maji kwa punda kutoka kijito cha mbali, na malalamiko yakapelekwa katika bunge la kaunti yakiwa na sahihi za kurasa kadhaa.

Ili kuelewa kilichofuata ni lazima kujua sheria imemgawia nani kazi gani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa ulinzi wa mazingira na rasilimali za maji, na ikazipa kaunti utekelezaji wa sera mahususi za kitaifa za uhifadhi, zikiwemo za udongo na maji, pamoja na udhibiti wa kero za umma, uondoaji wa taka na huduma za maji na usafi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo wengi huiita EMCA, humpa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, uwezo wa kuteua wakaguzi wa mazingira kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, kwa jina au kwa cheo. Huo ndio mlango ambao maafisa wa kaunti huingilia. Mkaguzi aliyeteuliwa anaweza kuingia mahali, kuchukua sampuli, kutoa amri ya marekebisho na kuanzisha mashtaka. Afisa wa kaunti asiyeteuliwa hubaki na sheria ya afya ya umma na sheria ndogo za kaunti yake, ambazo zina nguvu katika mambo ya vyoo na nyama lakini ni dhaifu mbele ya kiwanda.

Kuhusu ukingo wenyewe, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotumika wakati huo, zilikataza kulima au kujenga ndani ya eneo lenye upana sawa na wa mto, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, likipimwa kuanzia kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo za mwaka 1965, ambazo wazee wengi wanazikumbuka kutoka kwa maafisa wa kilimo wa zamani, zilianzia mita 2. Tofauti hiyo ya mita 4 ingekuja kugharimu asubuhi nyingi za kubishana.

## Makubaliano na aya yake moja ya fedha

Uongozi wa kaunti ulitaka kuonekana umechukua hatua kabla msimu uliofuata haujaanza. Mwezi Septemba ilitiwa sahihi hati ya ushirikiano iliyoruhusu maafisa tisa wa kaunti kufunzwa na kupendekezwa kuwa wakaguzi wa mazingira: wanne wa afya ya umma, watatu wa mazingira na wawili wa ugani wa kilimo. Hati ilikuwa na kurasa nane. Mamlaka ya wakaguzi yalielezwa kwa makini, mafunzo yalielezwa, hata namna ya kuvaa vitambulisho ilielezwa. Kuhusu fedha kulikuwa na aya moja, iliyosema kwamba kila upande ungegharimia shughuli zake.

Tulipowauliza walioiandika kwa nini waliridhika na aya hiyo, sababu zilikuwa mbili, na zote zilieleweka. Kwanza, mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, na bajeti ilikuwa imekwisha kupitishwa. Kudai fungu jipya kungesubiri bajeti ya nyongeza na kuupita msimu wa kahawa. Pili, maafisa walikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara, kwa hiyo kazi yao ilichukuliwa kuwa imeshalipiwa.

Sababu ya tatu hawakuisema, lakini ilijitokeza katika kumbukumbu za vikao. Ibara ya 187 ya Katiba inasema kwamba jukumu likihamishwa kutoka ngazi moja ya serikali kwenda nyingine, mipango lazima ihakikishe kwamba rasilimali zinazohitajika zinahamishwa nalo. Kama hati ile ingeitwa uhamisho wa jukumu, swali la fedha lisingeepukika. Ilipoitwa ushirikiano, swali lile lilikosa mahali pa kuulizwa. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia hila. Nadhani watu wenye haraka walichagua neno lisilohitaji kikao kingine.

## Mambo yalivyotokea

### Darajani

Mafunzo yalichukua siku tano. Tangazo la Gazeti Rasmi lilichukua miezi, na lilipotoka lilikuwa na majina manne tu kati ya tisa. Wakati wa kusubiri, hata hivyo, shinikizo la kuonyesha kazi halikupungua, na timu ikaanzia pale ambapo sheria ndogo za kaunti zilitosha, yaani kwa vijana wanaoosha magari chini ya daraja.

Oparesheni ilikwisha kwa asubuhi moja. Askari wa kaunti walifika kabla ya saa mbili, wakachukua pampu sita, mipira na ngazi, wakaondoka. Kaunti ilipoteza ushuru iliokuwa ikiwatoza vijana wale kila siku, jambo ambalo afisa wa mapato aliliandika kwa masikitiko katika ripoti ya mwezi. Vijana walihama mita 600 juu ya mto, mahali penye kichaka, pasipo na saruji wala mtaro, wakaendelea kuosha magari huko huku mafuta ya injini yakiingia mtoni juu zaidi kuliko awali.

Afisa mmoja wa afya ya umma aliyeongoza msafara huo alikuwa akiishi mtaa wa pili kutoka darajani. Mtoto wake alianza kusemwa shuleni. Duka alilozoea kukopa unga mwisho wa mwezi lilimwambia mkopo umefungwa. Baada ya wiki chache alihamisha familia yake hadi mji mwingine, akaanza kusafiri kila siku kwa nauli yake. Gharama hiyo haimo katika hati yoyote ya masurufu, na hakuna fungu la kaunti linaloweza kuirudisha.

### Kwenye vishamba vya ukingoni

Timu ilipofika mashambani ilikuwa na kamba ya kupimia, vigingi na rangi nyeupe. Kanuni ilisema kiwango cha juu kabisa cha mafuriko, lakini mto ule mdogo haukuwa na kipimo cha mafuriko kilichowekwa mahali popote katika kilomita zile 11. Kila upande ulileta kumbukumbu yake. Wakulima walionyesha alama ya maji kwenye jiwe lililo karibu na mto. Walioko chini walikumbuka mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997, ambazo kwa maneno yao zilifika kwenye mti ulio mbali kabisa. Kutoka kwenye jiwe, mita 6 zilimgusa mkulima mistari michache ya sukuma wiki. Kutoka kwenye mti, zilimfikia jikoni.

Mama mmoja mjane alikuwa na kipande chenye hatimiliki ambacho theluthi mbili yake ilikuwa ndani ya eneo lililopigiwa rangi. Alimwita afisa aliyekuja kwake daktari, kama maafisa wa afya ya umma wanavyoitwa vijijini, akamkumbusha kwamba ni yeye huyohuyo aliyekuja kuchanja wajukuu zake na akanywa chai nyumbani humo, akamuuliza ni lini kazi ya daktari imekuwa kupima shamba kwa kamba. Afisa yule alituambia kwamba tangu siku hiyo, alipopita katika kijiji kile kuhamasisha chanjo ya watoto, milango ilikuwa mizito kufunguliwa. Kati ya kurasa zote tulizosoma na watu wote tuliowasikiliza, maelezo haya ndiyo yaliyonifikirisha zaidi. Imani ya kijiji kwa afisa wa afya hujengwa kwa miaka mingi, nayo ilitumika bila kujazwa tena.

Uamuzi uliofanywa baada ya wiki mbili za mabishano ulikuwa wa busara. Kwa pendekezo la maafisa wawili wa ugani, timu ilikubaliana na wakulima kutumia mita 6 kutoka kwenye ukingo unaoonekana, kuwaacha wavune mazao yaliyokuwa shambani, na kupanda mabingobingo na mianzi badala ya mboga. Sababu waliyoiandika ni kwamba kudai mita 30 kungewaondoa watu kadhaa kabisa kwenye ardhi yenye hati, kaunti haikuwa na fungu la fidia, na mabingobingo yangempa mkulima lishe ya ng'ombe huku mizizi ikishika udongo.

### Kiwandani

Msimu ulipokuwa umepamba moto, wakaguzi wanne walikuwa na mamlaka kamili. Walichukua sampuli kwenye mfereji wa kiwanda cha kahawa usiku, kwa kuwa kumenya huanza jioni wakulima wanapoleta kahawa. Kiwango cha kitaifa cha maji yanayomwagwa mtoni kiliruhusu wakati huo miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha oksijeni inayohitajiwa na vijidudu. Maji ya kumenyea kahawa yasiyotibiwa huzidi kiwango hicho mara nyingi sana, na hakuna aliyetilia shaka kwamba haya yalikuwa hivyo.

Shida ilikuwa safari ya chupa. Sampuli ya kipimo hicho hupaswa kuwekwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 4 na kuanza kupimwa ndani ya saa 48. Maabara iliyotambuliwa kwa tangazo rasmi ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, na usiku ule gari la idara lilikuwa na mafuta ya kufika mjini na kurudi tu. Kiongozi wa timu aliamua kupeleka chupa kwenye maabara ya kampuni ya maji ya kaunti, ambayo ilikuwa karibu, yenye vifaa vizuri na wataalamu waaminifu. Alituambia wazi kwamba alijua kuna tofauti lakini hakujua ukubwa wake.

Chama cha ushirika kilipata wakili. Wakili hakugusa suala la uchafu wa mto hata kidogo. Aliuliza iwapo maabara ile ilikuwa miongoni mwa zilizotangazwa, kwa kuwa EMCA hukipa uzito wa ushahidi cheti cha mchambuzi kutoka maabara zilizotangazwa. Baada ya kesi kutajwa mara tano, kila mara maafisa wawili wakikaa mahakamani siku nzima, mashtaka yaliondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ambacho huacha nafasi ya kushtaki upya. Hawakushtaki upya. Msimu ulikuwa umekwisha na mto ulikuwa umejisafisha kwa mvua.

### Machinjioni

Mita 400 chini ya daraja, machinjio ya kaunti yalikuwa yakimwaga damu na samadi ya matumbo katika mfereji unaoingia mtoni. Vijana wa pampu walilisema hili tangu siku ya kwanza, na walikuwa na haki ya kulisema. Mkaguzi mmoja aliandika barua ya kutaka marekebisho, akiielekeza kwa mkuu wa idara inayomlipa mshahara. Barua haikujibiwa. Miezi miwili baadaye alihamishiwa kaunti ndogo nyingine, kwa maelezo ya uhamisho wa kawaida. Faili lilipofikishwa ngazi ya kitaifa, amri ikaja na kaunti ikachimba bwawa la kutulizia maji machafu. Fedha za bwawa zilikatwa kutoka katika fungu dogo ambalo mkurugenzi alikuwa amelitenga, baada ya jitihada nyingi, kwa ajili ya mafuta na sampuli za msimu wa pili.

## Gharama tulizozikuta

Tulipofungua shajara za kazi tulijaribu kwanza kutafuta fedha taslimu. Zilikuwepo: mafuta, posho za kulala nje ya kituo, chupa, barafu, nakala za majalada, vigingi. Zikijumlishwa zilikuwa nzito kwa idara ndogo, lakini zisingetosha kuitikisa kaunti.

Uzito ulikuwa kwenye siku. Katika miezi mitatu ya msimu wa kwanza, wale wanne wa afya ya umma walitumia karibu siku mbili za kila wiki mtoni, mahakamani au njiani. Kazi yao ya kawaida ilikuwa ukaguzi wa hoteli na mabucha, vyoo vya shule, vyeti vya wanaoshika chakula na ufuatiliaji wa magonjwa ya kuhara. Hakuna aliyeajiriwa kuziba pengo. Katika shajara ya mmoja wao, ziara za shule zinapungua wiki hadi wiki kisha zinatoweka kabisa mwezi Novemba. Kwa hiyo mshahara uliohesabiwa kuwa umeshalipa kazi ya mto ulikuwa kweli umelipwa, ila ulikuwa umelipia kazi nyingine, na watoto wa shule ndio waliotoa tofauti.

Jambo la pili lilikuwa mwelekeo wa fedha zinazoingia. Ada ya leseni ya kumwaga majitaka hulipwa kwa NEMA. Ada ya kutumia maji hulipwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Faini inayotozwa mahakamani kwa sheria ya kitaifa huenda serikali kuu. Hata kama kesi ya kiwanda ingeshinda, kaunti isingepata shilingi ya kununua barafu. Afisa alitumwa kulinda sheria ambayo kila sarafu yake huelekea mahali pengine, kisha akaulizwa na wawakilishi wadi kwa nini idara yake haileti mapato.

Na faida nayo ilikwenda chini. Maji yaliyosafika yalivuka mpaka. Mradi wa jamii ulipata ahueni, wakulima wa kaunti jirani wakapata maji ya kumwagilia, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na njia ya kuchangia gharama za juu, kwa sababu hakuna aliyewaita mezani.

## Matokeo

Msimu wa pili haukuwa na mashtaka yoyote, na mto ulikuwa na afya nzuri zaidi. Jambo hili liliwashangaza baadhi ya viongozi, lakini maelezo yake ni rahisi. Afisa mmoja wa ugani, ambaye wazazi wake wenyewe huleta kahawa katika kiwanda kile, aliomba nafasi katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika. Aliwaeleza wanachama jinsi maji ya kumenyea yanavyoweza kuzungushwa na kutumiwa tena ndani ya siku moja, na jinsi mashimo ya kufyonza maji yanavyochimbwa mbali na mto. Wanachama walikubali, baada ya kelele nyingi, kukatwa kiasi kidogo kwa kila kilo ya malipo yao ili kugharimia pampu na uchimbaji.

Hii nayo ni gharama ya eneo, na inafaa kutajwa kwa jina lake. Kiwanda si tajiri fulani wa mbali. Ni mali ya wakulima mia kadhaa wenye vichaka vichache vya kahawa kila mmoja. Walilipa kwa mavuno yao ili watu wa chini wanywe maji. Mkutano mzima ulilijua hilo, na mzee mmoja aliuliza hadharani iwapo wale wa chini wangechangia hata mfuko wa saruji. Hakujibiwa.

Chanzo cha mradi wa jamii hakikufungwa Novemba hiyo. Mabingobingo yalishika katika sehemu kubwa ya vishamba, ingawa vichache vilirudishiwa nyanya bei ilipopanda. Waosha magari walirudi karibu na daraja baada ya kaunti kuwajengea sakafu yenye mtego wa mafuta, nao wakaanza tena kulipa ushuru. Bwawa la machinjio hujaa mvua zikiwa kubwa. Wakaguzi wanne walibaki watatu, na kati ya hao mmoja ameomba jina lake liondolewe.

## Uchambuzi

Kosa la kwanza, kwa maoni yangu, ni la mpangilio wa hatua. Timu ilianza kwa waosha magari kwa sababu walikuwa rahisi kuondoa, ikaenda kwa wakulima, kisha kiwandani, na mwisho ikageukia machinjio ya kaunti yenyewe. Kila hatua ilifanyika huku watu wakiona uchafu wa serikali ukiendelea kutiririka. Kama kaunti ingechimba bwawa lake kwanza, gharama ya fedha ingekuwa ileile, lakini ingefika darajani na mashambani ikiwa na haki ya kusema. Afisa asingelazimika pia kumwandikia bosi wake barua ya aina ile. Mahali ambapo kaunti ni mchafuzi, ukaguzi unapaswa kufanywa na afisa asiyelipwa na kaunti hiyo, tangu siku ya kwanza, na jambo hilo liandikwe katika makubaliano.

Suala la maabara linaonyesha jinsi upungufu mdogo wa fedha unavyoweza kuharibu kazi kubwa. Mafuta ya safari ya saa nne yangekuwa sehemu ndogo sana ya siku kumi za maafisa zilizopotelea mahakamani. Kiongozi wa timu hakuwa mzembe. Alikuwa na chupa zinazopata joto, gari lisilo na mafuta na usiku mmoja wa kuamua. Makubaliano yaliyotaja vitambulisho kwa urefu yangeweza kutaja maabara ipi, nani anasafirisha, kwa fungu gani, na nani anatia sahihi kila chupa inapobadilisha mikono.

Kuhusu kuwatumia maafisa wanaoishi palepale, maoni ndani ya kamati yetu yaligawanyika na bado yamegawanyika. Wengine walisema maafisa wakaguzi watoke kaunti ndogo nyingine, ili waweze kurudi nyumbani kwa amani. Lakini mafanikio makubwa ya kisa hiki yaliletwa na mtu wa palepale, aliyesikilizwa kwa sababu mama yake husimama kwenye foleni ya kiwanda kilekile. Naona jibu liko katika kutenganisha kazi mbili: anayeshauri awe wa karibu, anayeshtaki awe wa mbali. Afisa wa afya ya umma anayehitaji kuaminiwa kwa ajili ya chanjo asipewe kamba ya kupimia mashamba katika vijiji vyake mwenyewe. Hili huongeza nauli, na nauli hiyo iwekwe kwenye bajeti wazi badala ya kulipwa na familia ya afisa anayehama nyumba.

Uamuzi wa mita 6 ulifanikiwa kwa sababu ulikubali hali halisi ya fidia isiyokuwepo. Baadhi ya wanasheria tuliozungumza nao waliuona kama udhaifu, wakisema kanuni inaruhusu upana zaidi kulingana na mto. Mto ule, hata hivyo, mahali pengi hauzidi mita 5 kwa upana, na kanuni yenyewe ilianzia 6. Kilichokosekana ni kuweka alama ya mafuriko kwa kushirikiana na chama cha watumiaji wa maji, ambacho Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inakitambua, kabla ya kamba ya kwanza kuvutwa.

Swali la wanaonufaika chini ya mto lina majibu ambayo Kenya imekwisha kuyajaribu. Wakulima wa maua kandokando ya Ziwa Naivasha wamewahi kuwapa wakulima wadogo wa milimani hati za kununulia pembejeo kama malipo ya kutunza udongo. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, uliozinduliwa mwaka 2015, hukusanya michango ya watumiaji wakubwa wa maji na kuipeleka kwenye miti, matuta na mabwawa madogo ya mashambani huko juu. Mabonde hayo ni makubwa na yana walipaji wenye uwezo. Bonde letu lina mradi mmoja wa jamii na wakulima wa umwagiliaji wa kaunti jirani. Hata hivyo, mchango wa sehemu ya gharama za sampuli usingekuwa juu ya uwezo wao, na mwenyekiti wa mradi alituambia kwamba hakuwahi kuombwa.

Kamati ya Mazingira ya Kaunti, ambayo EMCA baada ya marekebisho ya mwaka 2015 humtaka gavana aiunde, ndiyo ingefaa kuhesabu haya yote kabla ya sahihi kuwekwa: siku ngapi za nani, kazi gani itaachwa, chupa ngapi, maabara ipi, kilomita ngapi. Katika kisa hiki kamati hiyo ilipokea nakala ya makubaliano baada ya kutiwa sahihi.

Muda wa makubaliano ya kwanza umekwisha, na rasimu ya pili imeandaliwa. Aya ya fedha sasa ni jedwali la mistari kumi na miwili, lenye mstari wa maabara, mstari wa nauli za wakaguzi kutoka kaunti ndogo nyingine, mstari wa kuajiri afisa wa kuziba pengo la ukaguzi wa shule, na mstari wa mchango wa mradi wa maji. Hadi ninapoandika, safu ya kiasi bado haijajazwa, na kiwanda kitaanza kumenya mwezi Oktoba.